Mke Asiye na Cheti na Mafao ya Marehemu

Ndugu msikilizaji, leo tuanzie Ilongero, kaskazini ya mji wa Singida. Tuseme mtumishi wa halmashauri ameishi na mama mmoja miaka 15. Wamezaa, wamejenga, wamelima alizeti. Kijiji kizima kinamjua mama huyo kuwa ni mke wa fulani, na hakuna anayeuliza ng'ombe wa mahari walifika wangapi. Bwana anafariki. Kwenye dirisha la mafao karani anataka cheti cha ndoa. Mama hana. Mashemeji nao, waliokula kwake mwaka jana, sasa wanasema alikuwa hawara tu.

Je, sheria inamwita nani?

Mwaka 1963 Serikali iliandika mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba zikawa kanuni za kisheria. Kanuni hizo zilisema mjane hana fungu katika urithi endapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto wake. Ikiwa mke wa ndoa alitendewa hivyo, aliyekaa kinyumba angetegemea nini?

Ndipo ikaja Sheria ya Ndoa ya 1971. Kifungu chake cha 160 kinasema ikithibitika kuwa mwanamume na mwanamke wameishi pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakawatambua kuwa mume na mke, itachukuliwa kuwa wameoana. Hata hivyo, hiyo ni dhana, nayo yaweza kupingwa kwa ushahidi, kwa mfano kwamba mama alikuwa bado mke halali wa mtu mwingine.

Wakati huo mafao nayo yalikuwa yakibadilika. Akiba ya Wafanyakazi, iliyoanzishwa 1964, ililipa fedha kwa mkupuo. Sheria ya NSSF ya 1997 ikaleta pensheni, pamoja na ya wategemezi wa marehemu. Mwaka 2018 mifuko minne ya watumishi wa umma ikaunganishwa kuwa PSSSF. Zamani ugomvi ulikuwa wa fedha za siku moja; sasa ni wa chakula na karo kwa muda mrefu.

Tatizo ni kwamba karani si hakimu. Dhana ya ndoa huthibitishwa mahakamani, kwa ushahidi wa majirani na viongozi wa kitongoji. Kwa hiyo mama, akiwa bado na kaniki ya msiba, anaanza kutafuta nauli na mashahidi, na wapinzani wake ni wale wale waliozika naye.

Ndugu msikilizaji, mnaoishi hivyo leo, andikisheni ndoa zenu mngali hai wote wawili. Msingoje mahari iishe. Sheria ile ile ya 1971 inasema kasoro ya mahari haibatilishi ndoa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu atauachiwa mjane aujenge peke yake.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.