Mzee Juu, Mtoto Chini

Wasee wa drama za Kikorea, hili neno mnalijua hata kama hamjui mnalijua: bulhyoja. Mama hulitupa akiwa amekasirika vibaya, kijana anainamisha kichwa. Bul ni "si", ja ni mtoto. Katikati ndio kuna mzigo: hyo.

Hyo ilitoka Uchina na huandikwa 孝. Iangalie vizuri. Juu ni alama ya mzee, imekatwa kidogo ndio itoshe. Chini ni 子, mtoto. Ni kama mtoto amembeba mzee mgongoni, na maana yake ni ule wajibu wa mtoto kwa wazazi wake. Siku hizi Wakorea huandika tu 효 kwa alfabeti yao, kwa hiyo yule mzee na mtoto hawaonekani tena. Mzigo bado upo.

Mwaka wa 1428 Mfalme Sejong aliletewa kesi ya mtu wa Jinju aliyemuua baba yake. Alishtuka sana. Aliona adhabu peke yake haitoshi, akaagiza kitabu chenye, kati ya nyingine, hadithi za watoto waliowatunza wazazi, kikatoka 1434. Kiliandikwa kwa Kichina, na raia wengi hawakujua kukisoma, kwa hiyo kilijazwa picha. (Huyo mfalme angekuwa hai leo angekuwa anatengeneza video, nawaambia.) Alfabeti yenyewe aliitangaza baadaye, 1446. Na si mambo ya kale tu: 2007 bunge la Korea Kusini lilipitisha sheria ya kuhimiza hyo. Sheria kabisa!

Sasa, mimi nilipoacha chuo, mjomba aliniambia sina heshima. Sikumtukana mtu. Nilikataa tu kurudi. Kwake heshima ni kutii, basi.

Lakini kuna kitabu cha zamani cha Kichina kuhusu hyo, Wakorea hukiita Hyogyeong, na wasomi wao walikisoma karne nyingi. Ndani yake mwanafunzi anamuuliza Confucius: mtoto akitii kila amri ya baba, hiyo ndiyo hyo? Mwalimu anamjia juu, ati hayo ni maneno gani! Baba akielekea kukosea, mtoto lazima ampinge, ndio asiingie kwenye uovu. Kutii tu, anasema, hakuwezi kuitwa hyo.

Sijui kama mimi ndiye niliyekuwa sawa kuhusu chuo. Ila mjomba akija Disemba, namchorea hiyo herufi kwanza, halafu ndio tuongee.