Mezani Kabla ya Mwilini

Historia ya vifaa vinavyopandikizwa mwilini ili kuendesha moyo au kutuliza neva huanza kuandikwa siku ya upasuaji. Hutajwa daktari, mgonjwa na tarehe. Meza ya fundi, ambako kifaa kiliungua na kuzimika kabla ya kufaulu, haitajwi.

Mwaka 1957 umeme ulikatika mjini Minneapolis, Marekani, wakati watoto waliofanyiwa upasuaji wa moyo wakitegemea mashine za kuendesha mapigo ya moyo zilizochomekwa ukutani. Daktari C. Walton Lillehei akamwendea Earl Bakken, fundi wa vifaa vya hospitali. Bakken alikumbuka mchoro wa metronomu, kifaa cha kuhesabia mapigo ya muziki, aliowahi kuuona katika jarida la elektroniki. Aliubadilisha kidogo, akaunda kijisanduku chenye transista mbili na betri, kikajaribiwa kwa mbwa. Siku ya pili alikikuta kimefungwa kwa mtoto. Lillehei hakuwa tayari kumpoteza mtoto ilhali kifaa kipo.

Mwaka uliofuata, tarehe 8 Oktoba, mhandisi Rune Elmqvist na daktari wa upasuaji Åke Senning wa Stockholm, Sweden, walimpandikiza mgonjwa wa moyo, Arne Larsson, kifaa kilichomiminiwa gundi ya epoksi, ukubwa wake kama kopo la kiwi ya viatu. Mkewe, Else-Marie, ndiye aliyewabana hadi wakakubali. Kilizimika baada ya saa chache tu. Larsson alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20 na kuishi hadi mwaka 2001.

Kwa upande wa neva, nadharia ya maumivu ya watafiti Melzack na Wall ya mwaka 1965 ndiyo iliyofungua njia. Daktari Norman Shealy alianza kwa paka, kisha tarehe 24 Machi 1967 akampandikiza mgonjwa wa saratani elektrodi kwenye uti wa mgongo. Elektrodi hiyo ilibuniwa na Thomas Mortimer, wakati huo mwanafunzi wa uhandisi. Jina lake lastahili kukaa sambamba na la daktari.

Kazi ya mezani haina mbwembwe. Elektrodi hutumbukizwa katika maji yenye chumvi asilimia 0.9, kama ya dripu, na mawimbi ya umeme hutazamwa kwenye oskiloskopu. Mkondo ukielekea upande mmoja tu, vipovu hutoka na chuma huanza kuliwa. Ndani ya mwili, neva nazo zingeumia. Ndiyo maana kila msukumo wa umeme hufuatwa na mwingine wa kuurudisha, njia aliyoieleza John C. Lilly mwaka 1955. Siku hizi watafiti hununua bodi za saketi zilizo tayari, zenye chipu ya kusisimua neva, na nguvu, kasi na urefu wa msukumo hupangwa kwa kompyuta. Kilichomgharimu Bakken wiki kadhaa hupangwa kwa mchana mmoja. Beseni la maji ya chumvi, hata hivyo, halijaondoka mezani.

Makumbusho na vyuo vinavyohifadhi vifaa vilivyokamilika vihifadhi pia bodi zilizoungua na daftari za mafundi, kabla hazijatupwa.