Hati na Tarishi: Historia ya Chanjo za DNA na mRNA

Mwaka 1796 daktari Mwingereza, Edward Jenner, alichukua usaha wa ndui ya ng'ombe akaupachika katika mkono wa mtoto wa miaka 8. Alipomjaribu baadaye kwa ndui yenyewe, mtoto yule hakuugua. Tangu hapo, kwa karibu miaka 200, chanjo zilifuata desturi moja: mwili ulionyeshwa adui aliyeuawa au kudhoofishwa, au kipande chake, ili umtambue na kujiweka tayari. Mwishoni mwa karne ya 20 ilizuka fikira mpya. Je, haitoshi kuupelekea mwili maagizo tu ya kutengeneza kipande cha adui, nao ukaifanya kazi hiyo wenyewe?

Ili tuielewe fikira hiyo, tuifananishe seli ya mwili na ofisi. Katikati yake mna kiini, mfano wa chumba cha hati kilichofungwa. Humo hukaa DNA, hati ya asili yenye maagizo yote ya mwili. Hati hiyo haitoki nje. Agizo likihitajiwa, nakala yake huandikwa. Na nakala hiyo ndiyo mRNA, tarishi apelekaye ujumbe kwa mafundi wa protini walio nje ya kiini. Amalizapo kazi yake, tarishi huyu huvunjwa. Umbo la DNA lilielezwa mwaka 1953, naye tarishi alitambuliwa mwaka 1961.

Mwaka 1990 Jon Wolff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walidunga DNA na mRNA katika misuli ya panya. Zote mbili ziliifanya misuli itengeneze protini iliyoagizwa. Kwa hiyo ndugu hawa wawili walianza safari pamoja. Lakini wataalamu wengi walimchagua DNA. Yeye ni mvumilivu wa joto na hutengenezwa kwa urahisi, hali mRNA huharibiwa upesi na vimeng'enya vilivyopo kila mahali, hata katika ngozi ya mkono wa mtafiti. Mwaka 1993 ilitangazwa kwamba chanjo ya DNA imewakinga panya na homa ya mafua, na matumaini yakawa makubwa.

Matumaini hayo yalifika hata kwetu. Mwaka 2001 watu waliojitolea mjini Nairobi walidungwa chanjo ya DNA ya kujaribu kuzuia virusi vya UKIMWI, kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Oxford. Chanjo ile haikuwadhuru, lakini kinga iliyoamsha ilikuwa hafifu, na hatimaye ikaachwa. Shida moja kubwa ya DNA ni kwamba haina budi kupita milango miwili, wa seli na wa kiini. Kilichomtosha panya hakikumtosha mwanadamu. Tarishi, kwa upande wake, hupita mlango mmoja tu.

Mbona basi tarishi hakutumwa mapema? Kwa sababu mwili ulimdhania adui ukampiga vita. Katalin Karikó, binti wa mchinja nyama kutoka Hungaria, alishughulika na jambo hilo miaka mingi huko Marekani, hata mwaka 1995 akashushwa cheo katika chuo alichofanyia kazi. Hakuacha. Mwaka 2005 yeye na Drew Weissman walieleza kwamba, herufi moja ya ujumbe ikibadilishwa kidogo, mwili hutulia. Wengine walijifunza kumfunika tarishi kwa matone madogo mno ya mafuta ili afike salama. Mwaka 2023 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Kutangulia si kufika. Maelezo ya kirusi cha KORONA yalitolewa Januari 2020, na Desemba mwaka ule ule Uingereza iliruhusu chanjo ya mRNA, ambayo katika majaribio ilipunguza ugonjwa kwa kadiri ya asilimia 95. Chanjo ya kwanza ya DNA kwa watu iliruhusiwa India Agosti 2021. Ilitolewa mara 3, ikisukumwa ndani ya ngozi pasipo sindano, na kinga yake katika majaribio ilikuwa kama asilimia 67. Hata hivyo DNA haikukosa sifa: ilitosheka na ubaridi wa friji ya kawaida, hali ile ya mRNA ilitaka kwanza ubaridi wa nyuzi 70 chini ya sifuri. Kwa zahanati isiyo na umeme, tofauti hiyo si ndogo.

Je, wale waliojitolea Nairobi walipoteza bure? La. Mganga asiyejua dawa ipi haifai hawezi kuijua ifaayo. Walitoa mikono yao ili swali lijibiwe, na jibu lilipatikana, ijapokuwa halikuwa lile walilolitamani. Msomaji kijana, ukisoma majina ya waliotuzwa, wakumbuke na hao ambao majina yao hayakuandikwa.