Mchungaji Aliyefukuzwa Barazani: Henry McNeal Turner wa Georgia

Tuulizanapo kama mtumishi wa Neno aweza kukaa katika baraza la kutunga sheria, mara nyingi twajibu kwa maneno ya jumla. Katika makala hii twataka kulitazama swali hilo katika maisha ya mtu mmoja, Henry McNeal Turner, aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la jimbo la Georgia, huko Marekani.

Turner alizaliwa mwaka 1834 katika South Carolina, katika jamaa ya watu weusi wasiokuwa watumwa. Mwaka 1858 alijiunga na Kanisa la Kimethodisti la watu weusi lijulikanalo kama AME. Mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, aliwekwa kuwa kasisi wa kikosi cha askari weusi. Baada ya vita alikwenda Georgia kuanzisha makanisa. Bunge la Marekani lilipoyaamuru majimbo ya kusini yatunge katiba mpya, na wanaume weusi wakapata kura, Turner alichaguliwa kwenda katika mkutano wa katiba wa 1867–1868, kisha barazani kutoka mji wa Macon.

Mkutanoni aliwanyoshea mkono wa upatanisho waliokuwa mabwana wa watumwa. Hata Jefferson Davis, aliyekuwa rais wa majimbo yaliyoasi, alimtakia msamaha. Lakini katiba iliyopatikana haikutamka wazi kwamba mtu mweusi aweza kushika madaraka, na wapinzani walilishika pengo hilo. Septemba 1868 wajumbe weupe walipiga kura kuwafukuza wenzao weusi kwa ajili ya rangi yao.

Tarehe 3 Septemba Turner alisimama kujitetea. Hakuomba huruma. Alidai kwamba kiti chake si hisani ya mtu yeyote, bali ni haki ya mwanadamu aliyeumbwa na Mungu. Na kwamba swali lililokuwa mbele ya baraza ni kama yeye ni mtu au siye. Wakamfukuza.

Mwaka 1869 Mahakama Kuu ya Georgia iliamua kwamba weusi waweza kushika madaraka. Desemba ya mwaka huo Bunge la Marekani lilirudisha jimbo hilo chini ya jeshi, na Januari 1870 waliofukuzwa walirejea vitini. Hata hivyo wapinzani wao walishinda uchaguzi wa Desemba 1870, na ushindi huo wa haki haukudumu. Turner alirudi katika uchungaji, akawa askofu mwaka 1880. Tumaini lake kwa Marekani lilikuwa limepungua sana. Aliwahimiza watu wake warudi Afrika, na mwaka 1898 alizuru Afrika Kusini, akawabariki wachungaji huko. Alifariki mwaka 1915.

Wako watakaosema kwamba angebaki madhabahuni. Sisi hatuoni hivyo. Wala hatusemi kwamba alikosea kusamehe. Lakini msamaha ni tendo la aliyekosewa, na sheria ni ngao ya mnyonge; la kwanza halishiki nafasi ya la pili. Mchungaji ahubiriye upatanisho hana budi kuuliza pia ni nini kilichoandikwa katika sheria, na ni nini kilichoachwa.