Kabla ya admini kulikuwa na karani

Mwaka wa 1973 Marafiki wa Bungoma, yaani Waquaker, walichoka kungoja Kaimosi, makao ya kanisa lao, iwasikilize. Walijitoa katika Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki, uliokuwa umewaweka Waquaker wa magharibi mwa Kenya chini ya paa moja tangu 1946, wakaanzisha Mkutano wa Mwaka wa Elgon, makao yake Lugulu. Lalamiko lao halikuwa siri. Vyeo, ofisi na fedha za misheni zilibaki kusini, mikononi mwa Wamaragoli, huku waumini wa Kibukusu wakizidi kuongezeka na sauti yao haifiki. Baadaye Elgon nayo ikapasuka, na Marafiki wa upande wa Kitale wakawa na Elgon Mashariki yao. Leo mikutano ya mwaka nchini ni zaidi ya kumi, na hakuna nchi duniani yenye Waquaker wengi kama Kenya.

Naanza na kanisa hili kwa makusudi. Anayetaka kuelewa ugomvi wa kila siku kati ya maadmini na wanachama katika makundi ya WhatsApp ya Bungoma na Kitale atapata mwanga zaidi Lugulu kuliko California iliko kampuni ya WhatsApp.

Arthur Chilson, Edgar Hole na Willis Hotchkiss walipofika Kaimosi mwaka wa 1902, walikuja na desturi ya mkutano usiopiga kura. Karani hukaa mbele akisikiliza. Akiona mazungumzo yameiva, huandika kile anachokiona kuwa nia ya mkutano, kisha hukisoma papo hapo. Asiyeridhika husimama, na andiko hurekebishwa mpaka watu watulie. Ni utaratibu wa kupendeza, ila una mtego wake: anayeshika kalamu ndiye anayeamua kimya cha watu kina maana gani. Mkutano ukiwa wa kijiji kimoja, karani akikosea ataonana na watu kisimani jioni hiyo hiyo. Ukiwa wa mkoa mzima na karani yuko mbali, kimya cha watu wa Elgon kinaweza kuandikwa kuwa ridhaa kwa miaka mingi.

Wamisheni hawakuwafundisha Wabukusu kwamba mazungumzo huhitaji mwenyewe. Katika kumuse, siku chache baada ya mzee kuzikwa, omuswala kumuse hutembea uwanjani na fimbo yake, akisimulia chimbuko la koo na kuwakemea walio hai. Hakuna anayemkatiza wala kupita mbele yake. Mamlaka hayo ni makubwa kuliko ya admini yeyote, lakini hayaokotwi njiani. Yanatoka katika ukoo, yanadai kumbukumbu ndefu, na yanakoma watu wanapotawanyika.

Kufukuzwa nako kuna historia. Elijah Masinde wa Kimilili, mwanasoka aliyewahi kuichezea Kenya dhidi ya Uganda, alitengwa na Kanisa la Marafiki miaka ya 1930 kwa kuoa mke wa pili. Hakurudi kuomba radhi. Miaka ya 1940 akaanzisha Dini ya Msambwa. Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wake huko Malakisi, wakaua watu 11, na mwezi huo huo serikali ya kikoloni ikaipiga dini hiyo marufuku. Serikali ya uhuru iliiruhusu mwaka wa 1964, kisha ikaifunga tena 1968. Sidai kwamba mke wa pili ndiye aliyeleta yote hayo. Ardhi iliyochukuliwa na walowezi wa Trans Nzoia ingetosha. Ila njia aliyoipita Masinde ndiyo waliyoipita watu wa Lugulu baada yake: ukitolewa, au ukinyamazishwa, unaanzisha lako.

Kwenye intaneti, Wakenya walikutana na swali la nani ana haki ya kuwanyamazisha wengine kwa uchungu mwaka wa 2008. David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Alabama, Marekani, ndiye aliyeendesha Mashada, baraza kubwa la mtandaoni la Wakenya wakati huo. Vurugu za baada ya uchaguzi zilipochacha, na waliofurushwa makwao wakimiminika hata katika uwanja wa maonyesho wa Kitale, matusi ya kikabila yalijaa Mashada kiasi kwamba kuyafuta moja moja kulikuwa kazi bure. Januari hiyo Kobia alilifunga baraza zima, akafungua mahali pengine alipopaita I Have No Tribe, na pia akawa miongoni mwa waanzilishi wa Ushahidi, ramani ya matukio ya vurugu. Kwa maoni yangu alifanya sawa. Lakini ona ukubwa wa jambo lenyewe: mtu mmoja, ng'ambo, aliamua peke yake kwamba maelfu ya watu wakome kuzungumza.

Serikali ilipata somo lake, na likawa kali. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya mwaka huo huo iliweka faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka mitatu kwa uchochezi wa kikabila. Julai 2017, kuelekea uchaguzi wa Agosti 8, Mamlaka ya Mawasiliano pamoja na Tume ya Uwiano zilitoa mwongozo uliomtwika msimamizi wa jukwaa la mitandao ya kijamii wajibu wa kudhibiti yanayosemwa humo. Wakati huo kundi la WhatsApp liliweza kubeba watu 256. Katika kaunti kama Trans Nzoia, yenye Wabukusu, Wasabaot, Wakikuyu, Waturkana na wengineo, kijana aliyefungua kundi la kuuziana mahindi alijikuta amekuwa chifu asiye na mshahara. Jaji wa Mahakama Kuu ya Delhi alikuwa amelitazama swali kama hilo mwishoni mwa 2016 na kusema kwamba kumshtaki admini kwa kashfa za wanachama ni sawa na kumshtaki mtengenezaji wa karatasi za gazeti kwa habari iliyochapishwa juu yake. Kwetu, woga ulitangulia hoja hiyo, na maadmini wengi walijifunza kuondoa mtu kwanza na kuuliza baadaye.

Kampuni nayo ikawaongezea nguvu. Mwaka wa 2018 WhatsApp iliwawezesha maadmini kufunga kundi ili wao pekee waandike, na ikamkinga mwanzilishi asiondolewe katika kundi lake. Mwaka wa 2022 wakapewa uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu mwingine. Jibu la wanachama ni lile la 1973, tofauti ni mwendo tu. Lugulu ilichukua miaka kujitenga; siku hizi mtu akitolewa saa nne asubuhi, kufikia alasiri kuna kundi la pili lenye jina lile lile na neno "Asili" au "Halisi" mwishoni.

Linaloshindikana kugawanyika ni pesa. Michango ya matanga, ya karo au ya hospitali hupitia M-Pesa ya mtu mmoja, ambaye mara nyingi ndiye admini, na anayeuliza hesabu hadharani huitwa mchochezi kisha akaondolewa. Kundi jipya hubeba watu na hasira zao. Fedha hubaki kwenye simu ya yule yule. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka wa 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi, katiba na viongozi wanaojulikana, kwa hiyo waliojisajili wana ofisi ya kupeleka malalamiko yao. Makundi mengi ya matanga hayaishi muda wa kutosha kujisajili. Aliyeondolewa hubaki na ujumbe wa zamani kwenye simu yake, haoni unaofuata, na hana kumbukumbu za mkutano za kuonyesha. Ndiyo maana wajanja wa Kanduyi na Kitale hupiga picha ya orodha ya michango kwanza, halafu ndipo wanaandika: "Admini, naomba kuuliza."