Unaruka na parachuti Diani kwa mara ya kwanza? Soma hii kabla ya kujaza fomu

Karibu kila anayeruka kwa mara ya kwanza huuliza swali hilohilo: lisipofunguka je? Si swali baya, ila jibu lake liko mikononi mwa mwalimu.

Diani, kaunti ya Kwale, mgeni huruka tandemu, yaani anafungwa kwa mikanda mbele ya mwalimu. Mwalimu ndiye anayefungua parachuti na kuliongoza hadi chini. Mgongoni ana maparachuti mawili, moja likiwa la akiba, na kifaa kinachofungua lile la akiba chenyewe mkifika chini sana mkiwa bado kwenye kasi kubwa. USPA, chama cha mchezo huu Marekani, hakimruhusu mwalimu kubeba mtu kabla hajaruka mara 500 na kukaa kwenye mchezo miaka 3. Wako ameruka mara ngapi? Muulize tu, si utovu wa adabu.

Kazi yako wewe ni kusema ukweli kwenye fomu. Usipunguze kilo kwa aibu, maana parachuti lina kikomo cha uzito wenu wawili pamoja. Taja presha, moyo, kifafa, mgongo, ujauzito. Hata mafua yataje: mtashuka maelfu ya futi kwa dakika chache, na masikio yaliyoziba yanauma vibaya.

Halafu kuna hili ambalo watalii wengi hawalifikirii. Diani ni mahali pa kupiga mbizi pia, na mtu anaweza kujipangia asubuhi bahari, mchana angani. Hatari! Ukivuta hewa ya mtungi chini ya maji, naitrojeni inaingia mwilini na inahitaji muda kutoka. Ukipanda juu mapema, inageuka mapovu kwenye damu na viungo. DAN, shirika la usalama wa wapiga mbizi, linashauri kusubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege ukizama mara moja, na saa 18 ukizama mara kadhaa. Saa hizo zimepigiwa hesabu ya kimo kisichozidi futi 8,000, na ndege ya kurusha watu mara nyingi hupita futi 10,000. Kwa hiyo mimi ningesubiri siku nzima, au ningeruka kwanza kisha nizame.

Kuhusu kuruka kwenyewe: utaanguka kwa takriban kilomita 200 kwa saa, chini ya dakika moja. Kichwa nyuma, kiuno mbele, mwili upinde kama ndizi. Utaweza kupumua, usijali. Juu kuna baridi, kwani kila futi 1,000 joto hushuka karibu nyuzi 2, basi vaa suruali na viatu vya kamba. Kikoi kiache hotelini. Kifungua kinywa kiwe chepesi, lakini usiende na njaa.

Mkikaribia ardhi, inua miguu juu na uishikilie hapo hadi uambiwe. Mguu ukitangulia kugusa mchanga, kifundo kinaweza kuvunjika.

Bima nyingi za safari hazilipii mchezo huu, kwa hiyo soma yako kabla ya kusafiri. Na usiweke siku ya kuruka iwe ya mwisho ya likizo. Upepo ukizidi hakuna anayeruka, na kusi ya katikati ya mwaka haina haraka na tiketi yako ya kurudi. Kabla ya kulipa, uliza kama siku ikiahirishwa utapewa nyingine au pesa zako.