Safu ya Lugha: Udhibiti husishi si kukoroga dawa

Wapo wanaosema "udhibiti husishi wa visumbufu" wakimaanisha kuchanganya dawa mbili tatu kwenye bomba moja. Huko ni kukoroga sumu. Kinachohusishwa ni mbinu: mbegu kinzani, kubadilisha mazao, wadudu rafiki, kukagua shamba, na dawa pale inapobidi. Mwaka 1959, huko California, mtaalamu wa wadudu Stern na wenzake watatu walishaeleza kwamba dawa ipigwe kabla tu hasara haijazidi gharama ya kuizuia. Kwa hiyo kudhibiti si kutokomeza. Wadudu wachache shambani wanavumilika, tena ndio chakula cha wale wanaotulindia mazao. Wala tusiseme "wadudu" tunapokusudia visumbufu, maana panya, kwelea kwelea na magugu wamo. Mfano wa kuhusisha mbinu ni Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Victoria: watafiti wa kituo cha wadudu cha ICIPE walipanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mahindi na majani ya tembo pembeni: desmodiamu humfukuza nondo wa funza wa mabua, majani humvuta akatage huko, na mizizi ya desmodiamu hukizuia kiduha, ambacho ni gugu.

Kilimo hai nacho ni kitu kingine, kwani kwa kawaida hakiruhusu dawa za kemikali za viwandani, ilhali udhibiti husishi unaziruhusu. Atakayeuliza kama mkulima angoje huku viwavijeshi wakimlia mahindi, ajue kwamba kiwavi akishazama kwenye moyo wa mhindi, dawa humfikia kwa shida. Anayekagua majani mapema ndiye aliyewahi.